Kompyuta kwenye TV: kingo zinakatwa, na umeme ukirudi picha inashuka hadi 1024x768. Tatizo liko wapi?

#1 Baba Shamim (Bweyogerere)
Wakuu, salaam. Nina kompyuta ndogo ya mezani, mtumba, i5 ya kizazi cha tatu, Windows 10. Nimeifanya sinema ya nyumbani: diski ya terabaiti mbili, filamu za watoto, mawaidha, na kanda za familia nilizozihamisha kutoka VHS. Haina tundu la HDMI, ina DisplayPort na VGA tu, kwa hiyo nimeweka adapta ya DisplayPort kwenda HDMI, kisha waya wa mita tatu hadi TV ya inchi 32 ukutani.

Matatizo ni mawili. Kingo zote nne zinamezwa. Upau wa chini wa Windows nauona nusu, saa siisomi kabisa, na maandishi yana ukungu. La pili, umeme ukikatika ukarudi, picha inakuja imenenepa, 1024x768, na kwenye orodha ya rezolusheni (idadi ya pikseli, yaani nukta za picha) 1920x1080 haimo. Nikichomoa waya nikachomeka mara mbili tatu, inarudi.

Ninachotaka hasa ni hiki. Kuna kanda ya harusi ya dada yangu, 1997. Baba amesimama kulia kabisa, mwisho wa mstari wa wanaume. Marehemu hakupenda kamera, alikuwa anajiweka pembeni. Kijana aliyenihamishia kanda alinionyesha kwenye monita yake, nikamwona baba mzima: uso, kanzu, mkono. Kwenye TV yangu naona nusu ya uso. Mama anakuja Jumamosi. Nataka amwone.

#2 Fundi Kisenyi
Hilo la kingo halitoki kwenye kompyuta, ni tabia ya TV. Enzi za TV za tyubu picha ilitengenezwa kubwa kuliko fremu makusudi, ili ukingo wake mbovu ujifiche nyuma ya plastiki. TV bapa zimerithi tabia hiyo ingawa hazina sababu nayo: zinapokea picha, zinaivuta kidogo, zinakata pembeni.

Piga hesabu. TV ikikata asilimia 2.5 tu kila upande, kwenye 1920x1080 umepoteza pikseli 48 kushoto, 48 kulia, 27 juu na 27 chini. Upau wa Windows 10 una urefu wa pikseli 40. Toa 27, unabaki na 13. Ndiyo maana unauona nusu, tena chini ya nusu.

Shika rimoti, ingia kwenye ukubwa wa picha. LG wanaita "Just Scan", Samsung "Screen Fit", Sharp "Dot by Dot", Sony "Full Pixel". Kama huoni kitu hicho, nenda kwenye jina la chanzo cha HDMI ulibadilishe liwe "PC". Kwenye kompyuta usiguse chochote kwanza.

#3 Jinja Mtoni
Fundi Kisenyi leo ametibu bila kusema "lete dukani niione"! Mvua itanyesha.

Baba Shamim, Mungu amrehemu mzee. Mimi nina kibanda cha video hapa Jinja, ukingo umenisumbua sana. VJ anayetafsiri filamu anaandika jina lake pembeni, na TV ikikata, wateja wanaanza kubishana ni VJ gani. Nilifanya kama fundi anavyosema, likaisha.

#4 Mpakani Malaba
1024x768 ni dalili ya draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuendesha kadi ya picha. Fungua Device Manager, tazama kwenye Display adapters. Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter" ujue Windows haina draiva ya kadi yako, inatumia ya dharura. Weka draiva ya Intel, mambo yatatulia.

#5 Afande Mstaafu (Entebbe)
Malaba, soma tena #1. Anasema akichomoa waya na kuchomeka 1920x1080 inarudi. Draiva ingekuwa haipo, isingerudi hata achomoe mpaka kesho.

Mimi nauliza la ukungu. Baba Shamim, TV yako ni "Full HD" au "HD Ready"? TV nyingi za inchi 32 paneli yake ni 1366x768. Zinakubali 1920x1080 kupitia HDMI bila kulalamika, halafu zinaipunguza zenyewe. Zidisha: 1920 kwa 1080 ni pikseli 2,073,600. 1366 kwa 768 ni 1,049,088. Karibu nusu ya ulichotuma hakina pa kukaa. Filamu huioni tofauti, lakini herufi ndogo lazima zififie.

#6 Baba Shamim
Asanteni. Nimetafuta kwenye rimoti, chaguo lilikuwepo lakini limefifia, halichaguliki. Nilipobadilisha jina la chanzo kuwa PC likakubali. Upau umeonekana wote! Saa naisoma kutoka jikoni.

Afande, nyuma ya TV kibandiko kimefutika, ila kwenye kitabu imeandikwa 1366x768. Muuzaji aliniambia 1080. Basi niweke ngapi?

#7 Afande Mstaafu
Ukipata 1366x768 kwenye orodha, chagua hiyo. Ukiona 1360x768 usishangae: EDID (maelezo ambayo TV huipa kompyuta kuhusu rezolusheni inazoziweza) katika baadhi ya sehemu zake haiwezi kuandika upana usiogawanyika kwa 8, na 1366 haigawanyiki. Utabaki na mstari mwembamba mweusi pembeni, hauna madhara. Zote mbili zikikosekana, baki 1920x1080 na ukuze maandishi hadi asilimia 150 kwenye Windows. Usiende 1280x720 kwa sababu tu herufi zinaonekana kubwa.

#8 Mama Halima (Bombo)
Napingana na Afande kidogo. Kwa anayetazama filamu tu, 1920x1080 inatosha hata paneli ikiwa ndogo, maana TV nyingi zimetengenezwa zishushe 1080 vizuri. Tena zipo zinazokataa 1366x768 kwenye HDMI, zinaonyesha "Mode not supported". Yangu ni mojawapo.

#9 Mwl. Wafula (Mbale)
Mmelizunguka la pili bila kulishika. Orodha ya rezolusheni haitoki hewani. Kompyuta ikiwaka inaiuliza TV: wewe ni nani, unaweza nini? TV inajibu kwa kijitabu kidogo kinachoitwa EDID. Ukurasa wa msingi una baiti 128, na TV za HDMI huongeza mwingine wa 128. Mazungumzo hayo hupita kwenye pini ya 15 na ya 16 ya HDMI. Jibu lisipokuja, Windows inabahatisha, na bahati yake ni 1024x768.

Thibitisha hivi: siku ikishuka, kabla hujagusa waya, fungua Device Manager sehemu ya Monitors. Ukiona "Generic Non-PnP Monitor", EDID haikusomwa. Ukiona jina la TV yako, mimi nimekosea.

Maelezo yangu ni kwamba umeme ukirudi, TV inakuwa bado imelala. Kompyuta inauliza, hakuna wa kujibu.

#10 Mama Halima
Mwalimu, hapo mwisho naomba nikusahihishe. Chipu yenye EDID haihitaji TV iwe macho. Pini ya 18 inabeba volti 5 kutoka kwenye kompyuta, zimewekwa ili chipu isomeke hata TV ikiwa imezimwa. Ukisema TV imelala, bado haijatosha.

#11 Mwl. Wafula
Kwenye karatasi uko sahihi, mama. Lakini ipo pini ya 19, ile ya kutambua kwamba kitu kimechomekwa. TV nyingine zikilala zinaiangusha pini hiyo, kompyuta inaona hakuna kitu, haisumbuki hata kuuliza. Ndiyo maana anapochomoa na kuchomeka inapona: pini ya 19 inapanda upya. Nakubali nilirahisisha mno.

#12 Okello wa Gulu
Mnaenda mbali. Badilisheni waya. Nilihangaika miezi miwili na kitu hichohicho, kumbe waya ulikuwa umekunjwa nyuma ya kabati, uzi mmoja umekatika ndani. Picha inapita, mazungumzo hayapiti. Waya mpya wa shilingi elfu kumi na tano ukamaliza kila kitu.

#13 Jinja Mtoni
Okello ana hoja. Kwenye kibanda nina projekta, zamani nilitumia waya wa VGA wa mita 15. Kompyuta ilikuwa haiijui projekta kamwe. Fundi mmoja akanionyesha kichwa cha waya: pini ya 12 na ya 15 hazikuwemo, mtengenezaji amezipunguza. Hizo ndizo za EDID kwa upande wa VGA. Rangi zote zilipita vizuri, nikaamini waya mzima.

#14 Mgeni kutoka Mwanza
Hodi. Kumbe Uganda mnasema kibanda tu? Huku tunaita kibanda umiza, maana ukitoka mgongo unauma.

#15 Jinja Mtoni
Karibu Mwanza. Benchi zangu zina egemeo, njoo ujaribu. Na VJ wetu wanasimulia Kiganda tangu mwanzo hadi mwisho, tutakukalisha na mtoto wa jirani akutafsirie aliyetafsiri.

#16 Fundi Kisenyi
Turudi kwa Baba Shamim. Swali moja: umeme ukirudi, kompyuta unaiwasha wewe au inajiwasha?

#17 Baba Shamim
Inajiwasha. TV naiwasha mimi kwa rimoti baadaye.

#18 Fundi Kisenyi
Hapo hapo. Kompyuta za ofisini zina kipengele kwenye BIOS (setingi za kompyuta yenyewe, kabla Windows haijawaka) kinachosema umeme ukirudi ifanye nini. Yako imewekwa ijiwashe, labda ilipotoka ndivyo walivyotaka. Ingia BIOS, sehemu ya umeme, tafuta "AC Recovery" au "After Power Loss", weka ibaki imezimwa. Kisha utaratibu uwe huu: TV kwanza, ikishatoa picha, ndipo kompyuta.

Na kuna jambo la umeme wenyewe. Ukirudi huwa unarudi kwa kishindo, unapanda, unashuka, unakatika tena baada ya sekunde tatu. Adapta ya DisplayPort kama ina chipu ndani inaweza kuduwaa hapo. Nimeona adapta ambazo hazizinduki mpaka uzichomoe. Weka UPS ndogo, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika.

#19 Mpakani Malaba
Na zimeni Fast Startup ya Windows. Inahifadhi hali ya zamani, ikiwaka haiulizi TV upya.

#20 Afande Mstaafu
Ndugu yangu wa Malaba, Fast Startup inahusu kompyuta iliyozimwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika ghafla hakuna kilichohifadhiwa. Ila usichoke kuchangia, la draiva limemsaidia jirani yangu jana: yeye kweli alikuwa na ile ya dharura.

#21 Mpakani Malaba
Nimepokea, Afande. Basi nimepata mgonjwa mmoja.

#22 Asiku (Arua)
Naomba kuchomekea. Yangu ni kinyume: picha imesinyaa, kuna fremu nyeusi pande zote. TV nimeiweka Just Scan lakini wapi.

#23 Mama Halima
Kadi yako ni AMD? Draiva zake kwa muda mrefu zilikuwa zinapunguza picha kwenye HDMI zenyewe, zikidhani TV itakata. TV isipokata, unabaki na fremu. Ingia kwenye programu ya AMD, tafuta mtelezo wa HDMI Scaling, uburute hadi sifuri. Kwa Linux ni xrandr, unazima "underscan".

#24 Asiku (Arua)
Ni AMD. Imejaa skrini! Mama Halima, ubarikiwe.

#25 Mwl. Wafula
Baba Shamim, kuna kitu kinanisumbua tangu #1. Kanda ya VHS ni picha ya 4 kwa 3. Kwenye TV pana inapaswa kuwa na weusi kushoto na kulia. TV ikikata pembeni ingekata weusi tu, isingemfikia mzee.

#26 Baba Shamim
Mwalimu, umeona mbali. Nimekagua. Watoto hawapendi weusi, nilikuwa nimeinyoosha kwenye VLC (programu ya kuchezea video) ijae skrini, tena nikasahau. Kwa hiyo baba alivutwa hadi ukingoni, TV ikamkata. Nimerudisha 4:3. Sasa anaonekana mzima, na wembamba wake ule tunaoujua.

Lakini chini ya picha kumetokea mstari unaotetemeka, kama theluji. Nimeharibu nini?

#27 Fundi Kisenyi
Hujaharibu. Hapo ndipo vichwa vya VHS vinapopokezana kusoma mkanda, na kila kanda inao mstari huo chini. Kwenye TV ya tyubu ulikuwa umefichwa, hukuwahi kuuona. Ukitaka kuuficha, kata mistari michache ya chini kwenye VLC, upande wa chini tu.

Na ujue jambo moja. Kama mlitazama kanda hiyo kwenye TV ya tyubu, basi tangu 1997 hakuna mtu nyumbani kwenu aliyewahi kuiona picha nzima. TV ya zamani ilikuwa inakata kuliko hii. Yule aliyehamisha kanda huenda ndiye wa kwanza.

#28 Baba Shamim
Fundi, maneno hayo nimeyasoma mara tatu. Nimenyanyuka kwenda kutazama tena.

#29 Mama Halima
Ukichoka na Windows, mimi natumia LibreELEC, mfumo mdogo wa Linux wenye Kodi, programu ya sinema ya nyumbani. Ina amri ya "getedid create": unaiendesha siku TV inajibu vizuri, inahifadhi kile kijitabu kwenye diski, na kuanzia hapo kompyuta haiulizi tena. TV ilale, iamke, haijalishi.

Wenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja): kwa mfumo wa zamani, kwenye config.txt ni hdmi_force_hotplug=1, hdmi_group=1, hdmi_mode=16, na disable_overscan=1. Namba 16 ni 1080p ya Hz 60, yaani picha 60 kwa sekunde. Kwa mfumo mpya sehemu kubwa ya hizo haisomwi, unaandika video=HDMI-A-1:1920x1080@60D kwenye cmdline.txt. Nilipoteza Jumapili nzima nikihariri faili lisilosomwa, nisingependa mwingine apitie hapo.

#30 Okello wa Gulu
Na kwa Windows ipo njia kama hiyo?

#31 Mwl. Wafula
Ipo programu ya Custom Resolution Utility, inaandika EDID yako kwenye rejista (hifadhi ya setingi za Windows). Au unanunua kiplagi kidogo cha EDID unachokichomeka kati ya kompyuta na waya, kinaijibu kompyuta kwa niaba ya TV. Mimi napendelea kiplagi.

Kwa wanaotumia Kodi, angalizo: ukiwasha kipengele cha kubadilisha Hz kufuata filamu, TV inapokea 1080 ya Hz 24 badala ya 60. Baadhi ya TV hutunza ukubwa wa picha kwa kila aina ya mawimbi. Menyu itakuwa sawa, filamu ikianza kingo zinakatwa tena. Rudia setingi ya rimoti filamu ikiwa inacheza.

#32 Jinja Mtoni
Hiyo ya mwisho imenitokea wiki nzima nikidhani filamu ndizo mbovu. Asante mwalimu.

#33 Baba Shamim
Taarifa ya Jumamosi. Mama alifika mchana. Tuliweka kanda baada ya isha. Alipofika kwenye mstari wa wanaume akasema simamisha, akainuka kwenye kochi akasogea hadi kwenye TV. Akasema, "Kumbe alikuja na fimbo ya babu yako." Mkono wa kulia wa baba ameshika fimbo ya mpingo ambayo sisi wote tulijua ilipotea Luweero wakati wa vita. Mama alisema haikupotea, baba aliificha, lakini hakujua kama aliwahi kutoka nayo hadharani. Kwenye TV ya zamani mkono ule ulikuwa nje ya kioo.

Tumezungumza mpaka usiku sana. Fundi, Mwalimu, Afande, Mama Halima, asanteni.

La pili bado. BIOS nimeiweka ibaki imezimwa. Umeme ulikatika Jumapili, ukarudi, nikawasha TV kwanza kisha kompyuta: 1920x1080. Nikafurahi. Jana ukakatika tena, nikafuata utaratibu uleule: 1024x768, na kwenye Monitors imeandikwa "Generic Non-PnP Monitor". TV ilikuwa inawaka kabisa, dakika tano nzima.

#34 Mwl. Wafula
Basi EDID kweli haikusomwa, ila usingizi wa TV si sababu. Naungana na fundi: adapta imeduwaa. Siku ikishuka tena, chomoa adapta upande wa kompyuta, waya wa HDMI uache. Ikipona ni adapta.

#35 Okello wa Gulu
Waya. Mara inapita, mara haipiti, hiyo ni tabia ya uzi uliokatika nusu.

#36 Fundi Kisenyi
Hata tundu la HDMI la TV lenyewe linaweza kuwa na solda iliyopasuka, kwa uzito wa waya unaoning'inia ukutani. Jaribu tundu la pili, usisahau kulibadilisha jina nalo liwe PC.

#37 Baba Shamim
Tundu la pili nimeshahamia leo asubuhi. Waya naununua kesho nikishuka mjini. Adapta nitaiacha mwisho, dukani wamesema mpaka mzigo uje. Nabadilisha kimoja kimoja ili nijue ni kipi.

#38 Okello wa Gulu
Chukua wa mita moja na nusu, usichukue tena wa tatu.